Maktaba za vijijini zisiachwe zife mikononi mwa kaunti

Anayeisoma Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 hadi kwenye Jedwali la Nne, mahali panapogawa kazi baina ya Serikali ya Kitaifa na serikali za kaunti, atazikuta maktaba zimetajwa kwa neno moja tu. Neno hilo limo katika orodha ya shughuli za utamaduni, burudani na huduma za umma. Orodha yenyewe inaanza na kamari na kasino, inafuatia mashindano ya mbio, leseni za vileo, sinema na maonyesho ya video. Ndipo zinapotajwa maktaba, kisha makavazi. Sidai kwamba waliotunga Katiba waliidharau maktaba, kwani mpangilio wa orodha si mpangilio wa thamani. Hata hivyo, zaidi ya miaka kumi tangu ugatuzi uanze kutekelezwa mwezi Machi 2013, ni haki kuuliza ni ipi kati ya shughuli hizo ambayo wakuu wa kaunti huikumbuka mwisho wanapoketi kugawa fedha. Leseni ya baa huleta ada, kwa hivyo haisahauliki. Maktaba haileti ada. Maktaba hula fedha, na faida yake huonekana baada ya miaka kumi, wakati gavana aliyeigharimia amekwisha kustaafu.

Nalizungumzia jambo hili nikizitazama hasa kaunti za Meru na Embu, na nawaandikia zaidi walimu na wanafunzi, kwa sababu wao ndio watakaopoteza mengi endapo maktaba za vijijini zitaachwa zife. Hoja yangu ni moja. Mtoto asiyeweza kusoma kwa ufasaha na kijana aliyemaliza kidato cha nne asiye na kazi huzungumziwa na viongozi wetu kana kwamba ni matatizo mawili tofauti, kila moja likiwa na wizara yake, semina zake na wafadhili wake. Lakini katika kijiji cha Igembe au cha Mbeere watu hawa wawili huishi katika boma moja, na mara nyingi ni ndugu wa tumbo moja. Maktaba ya kijiji, ikiwa na kijana anayelipwa ujira wa haki kuiendesha, yaweza kumfaa mtoto na kumfaa kijana kwa pamoja. Ikikosa kijana huyo, haiwezi kumfaa yeyote.

Tuanze na historia, japo kwa muhtasari. Shirika la Huduma za Maktaba ya Kitaifa, linalojulikana zaidi kwa herufi KNLS, liliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1965, na likaanza kazi mwaka 1967. Kabla ya hapo maktaba ya umma katika nchi hii ilikuwa starehe ya wachache. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931, iliwafungia Waafrika mlango kwa miaka mingi ya ukoloni. Kwa hivyo kuundwa kwa shirika la kitaifa lilikuwa tendo la uhuru katika maana yake kamili. Matawi yakafika mikoani, likiwamo lile la mji wa Embu na lile la Meru. Baadaye ukaja mtindo wa maktaba za jamii, ambapo wananchi walitoa ardhi na jengo, nalo shirika likatoa vitabu na watumishi. Kwa njia hii na nyinginezo maktaba zilifika hata mahali kama Timau na Mikumbune, mbali na barabara za lami za mji. Kaskazini mashariki, shirika hilohilo lilianza mwaka 1996 kupeleka vitabu kwa ngamia katika Garissa, na dunia nzima ikashangilia.

Kisha ikaja Katiba mpya, na maktaba za mashinani zikawa jukumu la kaunti. Makabidhiano hayakuwa ya siku moja; yalichukua miaka, na katika miaka hiyo watumishi wengi hawakujua mwajiri wao ni nani wala kitabu kipya kitanunuliwa na nani. Mtoto wa watu wawili hulala njaa, kila mmoja akidhani mwenzake amemlisha. Sasa kwa kuwa mzazi amejulikana, na ni kaunti, hatuna tena udhuru wa kunyoosha kidole Nairobi.

Lakini kabla ya kuililia maktaba ni lazima tuulize imekuwa ikifanya kazi gani. Ukiingia katika maktaba nyingi za umma nchini wakati wa likizo utakuta viti vimejaa, na utadhani taifa hili linapenda kusoma kuliko yote barani. Tazama vizuri zaidi. Wengi wa walioketi hawakuchukua kitabu chochote rafuni. Wamekuja na madaftari yao na mitihani ya miaka iliyopita, wanadurusu. Maktaba imekuwa chumba kitulivu cha kujiandalia mtihani, kwa sababu nyumbani hakuna meza, hakuna taa, wala hakuna ukimya. Huduma hiyo si ndogo, na simlaumu mwanafunzi hata kidogo. Ila tusijidanganye kwamba huko ndiko kusoma. Kusoma ni mazoea yanayopandwa mapema, baina ya miaka mitano na kumi, kwa hadithi ambazo hakuna atakayezitahini. Mtoto wa umri huo ndiye asiyeonekana katika maktaba zetu, kwa kuwa hawezi kutembea kilomita nane kwenda mjini, na akifika hamkuti mtu wa kumsomea.

Matokeo tunayaona madarasani. Tathmini za shirika la Uwezo katika miaka ya 2010 zilirudia kutuambia kwamba ni watoto 3 hivi tu kati ya 10 wa darasa la tatu walioweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Sisi tunaofundisha katika vyuo vikuu huwapokea watoto haohao miaka kumi na miwili baadaye. Huja na alama nzuri. Lakini mpe mmoja wao kitabu cha kurasa 200 akisome kwa hiari yake, bila maswali mwishoni, nawe utamwona akikigeuzageuza kama mtu aliyepewa chombo cha kazi asiyokuwa na ujuzi nayo.

Mimi ni mwanaisimu, na sina budi kusema kwamba sehemu kubwa ya tatizo hili ni lugha. Tume ya Gachathi ilipendekeza mwaka 1976 kwamba mtoto wa madarasa matatu ya kwanza afundishwe kwa lugha inayozungumzwa katika eneo la shule yake, na sera hiyo imeendelea kukaririwa hadi katika mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa rasmi mwaka 2019. Kukariri sera ni rahisi. Kupata vitabu ndiyo kazi. Watu wa nje hudhani Meru kuna lugha moja. Ukweli ni kwamba kuna Kiimenti, Kitigania, Kiigembe, Kiigoji, Kimwimbi, Kimuthambi, Kichuka na Kitharaka, na umbali baina ya baadhi ya lahaja hizi si mdogo. Kimeru cha maandishi kimeelemea Kiimenti, kwa hivyo mtoto wa Igembe anapopewa kitabu kinachosemekana ni cha lugha ya mama, hukuta ndani yake lugha ya shangazi. Upande wa Embu mambo ni vivyo hivyo. Kiembu na Kimbeere vimeishi kwa muda mrefu katika kivuli cha Kikuyu, ambacho ndicho kilichotangulia kupata Biblia na vitabu vya shule. Isitoshe, tangu Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2013 ilipovitoza vitabu asilimia 16, mchapishaji hana sababu ya kibiashara ya kuchapa hadithi za Kimbeere kwa wasomaji wachache wasio na fedha. Soko halitaleta vitabu hivyo. Vitaletwa na jamii yenyewe au havitaletwa kabisa.

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni matakwa ya watu wenye nafasi, na kwamba kaunti yenye zahanati zisizo na dawa haiwezi kushughulikia hadithi za watoto. Kwa hivyo natuelekeze macho kwa watu walio katika hali ngumu kuliko yetu mara mia, yaani Wapalestina. Mwezi Desemba 1987 yalianza maasi ya kwanza ya Wapalestina dhidi ya utawala wa Israeli katika Ukingo wa Magharibi na Gaza, na shule zikafungwa kwa amri kwa vipindi virefu. Wazazi na walimu walikabiliwa na swali la jinsi watoto watakavyosoma bila shule. Mojawapo ya majibu ni Taasisi ya Tamer ya Elimu ya Jamii, iliyoanzishwa mwaka 1989. Taasisi hiyo haikuanza kwa majengo. Ilianza kwa watu, vijana waliofunzwa kuwasomea watoto, kuendesha vikundi vya kusoma na kuandika mitaani na katika kambi za wakimbizi, na kuzisaidia maktaba ndogo za jamii. Ilichapa vitabu vya watoto, na vijana wenyewe wakaandika na kuchora baadhi yake. Mwaka 2009 ilitunukiwa tuzo ya Astrid Lindgren ya Uswidi, ambayo ni miongoni mwa tuzo kubwa kabisa duniani za fasihi ya watoto, yenye thamani ya kronor milioni 5.

Mwaka 2017 mshairi kijana, Mosab Abu Toha, alianzisha huko Beit Lahia, Gaza, maktaba aliyoipa jina la msomi Edward Said, kwa vitabu vya kuchangiwa na watu wa mbali. Vita vilivyoanza Oktoba 2023 viliiharibu maktaba hiyo, kama vilivyoiharibu maktaba ya manispaa ya mji wa Gaza pamoja na shule na vyuo vikuu. Siwataji Wapalestina ili tuwaonee huruma na kusahau. Nawataja kwa sababu watu waliobomolewa majengo bado wametufunza kwamba maktaba ni mtu anayemsomea mtoto, na kwamba mtu huyo aweza kuwa kijana wa kijiji aliyepewa mafunzo ya miezi michache. Sisi ambao kuta zetu zimesimama, na paa halijatoboka, tuna udhuru gani?

Fundisho la pili liko karibu zaidi, kwa jirani zetu wa kusini. Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilifanya kampeni kubwa ya kisomo katika miaka ya 1970. Kwa takwimu za serikali yake, wasiojua kusoma na kuandika walipungua kutoka thuluthi mbili hivi ya watu wazima mwaka 1967 hadi karibu mmoja kati ya kumi mwaka 1986. Ili waliojifunza wasisahau, maktaba zilifunguliwa vijijini na magazeti ya mashambani yakachapwa, mojawapo likiitwa Elimu Haina Mwisho. Lakini uchumi ulipoyumba katika miaka ya 1980, vitabu vipya vikakoma kufika na walioziangalia maktaba hizo wakabaki bila msaada. Makabati yakabaki na vijitabu vilevile ambavyo kila mtu alikwisha kuvisoma, na maktaba nyingi zikafa kimyakimya. Wapalestina wanatuonyesha kwamba mtu ni muhimu kuliko jengo. Tanzania inatuonyesha kwamba mtu huyo hawezi kuishi kwa moyo wa kujitolea peke yake, wala msomaji hawezi kurudi mara ya pili pasipo kitabu kipya.

Hapa ndipo suala la ajira linapoingia. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, Meru ilikuwa na watu 1,545,714 na Embu watu 608,599. Kila mwaka maelfu ya vijana wa kaunti hizi humaliza shule. Wachache huingia vyuoni, na hata hao, wakitoka Chuo Kikuu cha Embu au Chuo cha Sayansi na Teknolojia cha Meru pale Nchiru, hurudi nyumbani na shahada bila kazi. Wengine huendesha bodaboda. Wengine huingia katika uchumaji wa miraa katika milima ya Nyambene, na wengine katika muguka huko Mbeere. Nani asiyejua jinsi riziki hizo zinavyoweza kukatwa kwa amri ya mtu wa mbali? Uingereza ilipiga marufuku miraa mwezi Juni 2014. Somalia ilifunga soko lake mwaka 2020, ikalifungua tena mwaka 2022. Mwezi Mei 2024 kaunti za pwani zilijaribu kuupiga marufuku muguka, na wakulima wa Embu wakakesha wakisubiri kauli za mahakama na za Rais. Siwaambii vijana waache mashamba ya baba zao. Nasema tu kwamba eneo linalotegemea jani moja halina budi kuwatafutia vijana wake kazi nyingine.

Serikali imewahi kujaribu. Mwezi Aprili 2020, wakati wa janga la Korona, ilianzisha mpango wa Kazi Mtaani, na katika awamu yake ya pili vijana zaidi ya 200,000 walilipwa shilingi 455 kwa siku kufyeka nyasi, kuzibua mitaro na kusafisha mitaa. Ilikuwa kazi halali na iliwalisha wengi. Lakini nyasi zilimea tena, mpango ukaisha, na kijana aliyeshika fyekeo akatoka na mikono ileile aliyoingia nayo, bila ujuzi wala cheti. Fikiria ingekuwaje kama sehemu ndogo tu ya vijana wale, hasa wale waliopata alama nzuri katika lugha, wangefundishwa ukutubi wa msingi, usomaji wa hadithi kwa sauti na matumizi ya kompyuta.

Natupige hesabu, kwa maana hoja isiyo na hesabu ni ndoto ya mchana. Meru ina wadi 45 na Embu ina wadi 20, jumla 65. Tuchukue vijana wawili kwa kila wadi, tuwalipe shilingi zilezile 455 kwa siku, siku 22 kwa mwezi. Kila mmoja atapata shilingi 10,010 kwa mwezi. Kwa mwaka mzima, vijana wote 130 watagharimu shilingi 15,615,600. Tukiongeza shilingi 200,000 za vitabu kwa kila wadi, ambazo ni milioni 13, jumla haifiki milioni 29 kwa kaunti zote mbili. Katika mwaka wa fedha wa 2021/2022, mgao wa Meru kutoka Hazina ya Kitaifa ulizidi shilingi bilioni 9 na wa Embu ulizidi bilioni 5. Kwa hivyo tunazungumzia kiasi kisichofika robo ya asilimia 1. Ujira wenyewe ni mdogo, nami ningependa uwe mkubwa zaidi. Lakini hata kwa kiwango hicho cha chini, hakuna mhasibu wa kaunti atakayesimama na kusema kwa dhati kwamba fedha hazipo.

Vijana hao watafanya nini kutwa? Asubuhi watapeleka masanduku ya vitabu kwa zamu katika shule za msingi, na kuwasomea watoto wa gredi za chini kwa lugha wanayoielewa. Jioni watafungua chumba kimoja, kiwe ni darasa la shule, ukumbi wa kanisa au bohari ya chama cha ushirika cha kahawa, ili wanafunzi wapate meza na taa. Katika Mbeere, ambako mto Tana umezuiliwa kwa mabwawa ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere ili miji mikubwa ipate umeme, itakuwa haki iliyochelewa mtoto wa hapo naye apate taa ya kusomea. Katika nyanda za majani chai, kuanzia Rukuriri na Mungania hadi Githongo na Michimikuru, watu hungoja kwa saa nyingi kwenye vituo vya kununulia majani wakisubiri lori, na mara nyingi wakiwa na watoto. Sanduku la vitabu likiwekwa hapo haliwezi kukosa wasomaji.

Aidha, vijana hao watawasaidia wananchi wenzao katika mambo ya serikali ambayo siku hizi hupitia kwenye kompyuta, kama vile fomu za mikopo ya wanafunzi, maombi ya kazi, namba za ushuru, vyeti vya kuzaliwa. Leo mwanakijiji humlipa mwenye duka la intaneti kwa kila ukurasa. Maktaba ingempa huduma hiyo kwa gharama ndogo, naye kijana angejifunza stadi zitakazomfaa popote atakapokwenda.

Nayo kazi iliyo karibu zaidi na moyo wangu ni ile ya kutunga vitabu. Tangu mwaka 2014 kumekuwa na mradi wa hadithi za watoto ulioanzia Afrika Kusini, unaoitwa African Storybook, ambao hutoa hadithi bila malipo na kumruhusu yeyote kuzitafsiri na kuzichapa. Vijana wawili katika kila wadi, wakiongozwa na mwalimu wa lugha, waweza kutafsiri hadithi 10 kwa mwaka katika Kiigembe, Kitharaka au Kimbeere. Waweza pia kuketi na wazee, wakarekodi ngano na methali kabla hazijazikwa pamoja na wenyewe. Mwanahistoria H. S. K. Mwaniki alifanya kazi ya namna hiyo miaka ya 1970, na ndiyo iliyotupa kitabu chake cha historia ya Waembu na Wambeere kilichotoka mwaka 1973. Kitabu kama hicho kingefaa kuwa cha kwanza kuwekwa katika rafu za Siakago na Runyenjes. Vivyo hivyo kazi za Kiswahili za Kithaka wa Mberia, kama vile Natala na Kifo Kisimani, zingemwonyesha mtoto wa Tharaka na wa Meru kwamba anayetunga vitabu si lazima awe ametoka pwani au ng'ambo.

Nayajua mapingamizi. La kwanza ni kwamba nafasi hizo zitagawiwa jamaa za wanasiasa. Hofu hiyo ni ya kweli. Tiba yake ni kuwaacha walimu wakuu wa shule za wadi, pamoja na wawakilishi wa wazazi, wawapime waombaji hadharani kwa mtihani rahisi, yaani kumsomea mtoto hadithi mbele ya watu. Mpwa wa diwani asiyejua kusoma kwa sauti atajulikana papo hapo.

La pili ni kwamba simu imekwisha kuizika maktaba. Wanaosema hivyo wana simu, wana umeme na wana fedha za data. Mtoto wa miaka saba kijijini hana hata kimoja katika hivyo, na hata angekuwa navyo, hadithi za Kimbeere hazimo ndani ya simu hiyo mpaka mtu aziandike.

La tatu ni kwamba wafadhili watafanya. Wafadhili wametusaidia sana kwa vitabu, na wanastahili shukrani. Lakini kitabu cha msaada huchaguliwa na mtoaji. Ndiyo maana rafu zetu zimejaa hadithi za theluji na za mbwa wanaolala kitandani. Kitabu cha lugha yako hakuna atakayekuandikia kwa huruma.

Pingamizi la nne halisemwi waziwazi, nalo ni siasa. Huko Meru, Bunge la Kaunti lilipiga kura ya kumng'oa gavana mara 3, Desemba 2022, Oktoba 2023 na Agosti 2024. Sitaki kuamua hapa nani alikuwa na haki. Ninachosema ni kwamba katika miaka hiyo mawakili walipata kazi nyingi, na sikusikia upande wowote ukimlaumu mwenzake kwa kuacha maktaba bila vitabu. Jambo lisiloweza kumwangusha gavana wala kumchagua diwani haliingii bajetini. Hilo ndilo la kubadilisha.

Na njia ya kulibadilisha ipo katika sheria. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaitaka kila kaunti iwasilishe mpango wake wa maendeleo wa mwaka kabla ya Septemba 1, taarifa ya mkakati wa fedha kabla ya Februari 28, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30, na wananchi washirikishwe. Mikutano hiyo hufanyika, lakini wanaohudhuria ni wale wanaotaka barabara na wale wanaotaka soda. Walimu wa Meru na Embu, mko wengi na mnasikilizwa vijijini. Nendeni na ombi moja lililoandikwa: vijana wawili na sanduku la vitabu kwa kila wadi. Katiba iko upande wenu, kwani Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya elimu, na Kifungu cha 55 kinaitaka serikali iwawezeshe vijana kupata mafunzo na ajira. Nanyi wanafunzi wa vyuo vikuu, ambao mwezi Juni 2024 mlisoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu na kuwaeleza wazazi wenu maana yake, mmekwisha kuonyesha kwamba mwaweza kusoma waraka wa serikali na kuuuliza maswali. Bajeti ya kaunti yenu ni waraka mfupi zaidi. Isomeni, tafuteni neno maktaba, mwone limeandikiwa shilingi ngapi, kisha mwulize kwa nini.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa Igembe aliye na miaka mitano leo atakuwa na miaka kumi katika bajeti tano zijazo, na baada ya hapo itakuwa vigumu kumkunja. Dada yake aliyemaliza kidato cha nne yuko nyumbani, anajua kusoma, na hana kazi. Kinachokosekana baina yao ni chumba kimoja, sanduku moja la vitabu na shilingi 455 kwa siku.